Miche Inahesabiwa, Miti Haihesabiwi

Msimu wa kupanda miti ukiwadia, taarifa za halmashauri zetu hujaa tarakimu za miche. Serikali ilikwisha kuagiza kwamba kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka, na agizo hilo limekuwa kipimo ambacho wakurugenzi na maofisa misitu huulizwa wanapokutana na viongozi wa mkoa. Mgeni rasmi hufika akakuta shimo limekwisha kuchimbwa na mche umekwisha kutolewa kwenye kiriba, picha hupigwa, na kesho yake tarakimu huingia kwenye taarifa ya robo mwaka. Sina ugomvi na lengo hilo, wala na picha. Ninachotaka kuandika leo, nikiwa mtu wa Mufindi, mkoani Iringa, ambaye ukoo wake umeishi kwa mbao tangu kabla sijazaliwa, ni kwamba sekta ya misitu hukuzwa na miti inayoachwa ikakomaa, na kwamba juhudi za serikali, ambazo ni nyingi na baadhi yake ni nzuri sana, zimeelemea mno kwenye kupanda na kumwachia mkulima peke yake mzigo wa kusubiri.

Uzito wa jambo lenyewe hauna mjadala. Tathmini ya rasilimali za misitu ya nchi nzima iliyofanywa kati ya 2009 na 2014, maarufu kwa jina la NAFORMA, ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya eneo lake la nchi kavu. Mtu akiishia hapo atadhani tuna akiba isiyokwisha. Tathmini hiyohiyo, hata hivyo, ilikadiria kwamba kiasi tunachoweza kuvuna kwa mwaka bila kula mtaji ni mita za ujazo milioni 42.8, ilhali mahitaji yalifikia milioni 62.3. Pengo la mita za ujazo milioni 19.5 kila mwaka linazibwa kwa kukata pasipopaswa kukatwa, na ndiyo maana makadirio yaliyofuata yalitaja upotevu wa zaidi ya hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni kuni na mkaa, na kwa hilo serikali imekuja na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na nishati chafu. Kwa upande wa mbao, nguzo na karatasi, tegemeo ni mashamba ya kupandwa, na sehemu kubwa ya mashamba hayo iko huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, katika mikoa ya Iringa na Njombe.

Niseme neno dogo kuhusu kalenda, kwa kuwa wengi hawalioni. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ilikuwa tarehe 1 Januari, kisha ikahamishiwa tarehe 1 Aprili ili iende sambamba na masika. Kwa Pwani na kaskazini, ambako masika huendelea hadi Mei, uamuzi huo una mantiki. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Mche uliopandwa hapa tarehe 1 Aprili hunyeshewa majuma machache tu, halafu hukutana na baridi ya Juni na upepo mkavu wa Agosti ukiwa bado haujashika ardhi. Mkulima wa miti wa Mufindi hupanda Januari, akichelewa sana Februari. Ikifika siku ya sherehe, yeye anapalilia.

Wanaotaka kujua serikali inaweza kufanya nini ikiamua waende Sao Hill, shamba la miti la serikali lililoko huku kwetu Mufindi. Majaribio ya kupanda miti huko yalianza 1939, lakini upanuzi mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kusudi kubwa likiwa kukilisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, ambacho kilianza kuzalisha 1985. Shamba lote lina zaidi ya hekta 135,000, na kwa bahati nzuri wapangaji wa wakati ule hawakupanda kila mahali: sehemu kubwa iliachwa kuwa msitu wa asili na vyanzo vya maji, ambavyo hupeleka mito yake kwenye bonde la Ruaha Mkuu na lile la Kilombero. Kiwanda kiliyumba, kikasimama katika miaka ya 1990, na 2004 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi. Paini hazikujali. Ziliendelea kunenepa kiwanda kikiwa kimefungwa milango, na Dar es Salaam ilipoanza kujengwa kwa kasi, kenchi za nyumba zake zilitoka huku.

Faida kubwa zaidi ya Sao Hill haimo kwenye mahesabu ya shamba. Wazazi wetu waliajiriwa kule kwa vibarua vya msimu, wakajifunza kuatika mbegu, kuhamisha miche, kupogolea matawi, kupunguza miti na kusafisha barabara za kinga moto, kisha wakarudi nyumbani na ujuzi huo pamoja na mbegu mfukoni. Huko Njombe watu walijifunza kwa kampuni ya miwati, miti ambayo magome yake hutumika kusindika ngozi, iliyoanza 1949. Baadaye mradi wa hifadhi ya mazingira, HIMA, uliofadhiliwa na Denmark ukapita vijijini ukihimiza upandaji, na bei ya mbao ilipopanda baada ya 2000, hakuhitajika tena mtu wa kuhimiza. Watumishi wa Dar es Salaam na Dodoma walikuja kununua ekari vijijini, walimu wakapanda, mapadri wakapanda, wauza duka wakapanda. Uchunguzi wa picha za satelaiti umeonyesha kwamba katika Nyanda za Juu Kusini eneo la miti ya wakulima wadogo na wa kati linazidi la serikali. Jambo hili lilitokea karibu bila bajeti, na watunga sera walichelewa miaka mingi kuliona.

Sasa tutazame umri wa miti hiyo. Paini ya serikali hukatwa ikiwa na miaka 18 hadi 25. Paini ya kijijini hukatwa ikiwa na miaka 8, 9 au 10, na nimeona mashamba yakifyekwa chini ya hapo. Watu wa mjini husema mkulima hana elimu. Mimi nimekaa na wakulima hawa maisha yangu yote, na siamini kwamba tatizo ni elimu.

Baba yangu mdogo alikuwa na ekari alizopanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kama inavyoshauriwa, yaani karibu miti 450 kwa ekari. Aliipogolea vizuri, akalinda moto, akangoja. Nilimkuta siku moja amekaa juu ya gogo, mashine ikinguruma nyuma yake.

“Kamwene, baba mdogo.”

“Kamwene, mwanangu. Karibu vumbi.”

Nilimuuliza kwa nini hakusubiri, nami nilijua kwamba swali langu lilikuwa na utovu wa adabu kidogo, kwa kuwa fedha hazikuwa zangu.

“Mdogo wako amepata chuo,” alinijibu. “Mkopo wa serikali amepewa nusu. Nusu nyingine niitoe wapi, kwenye mahindi? Miti hii ndiyo benki yangu, na benki mtu huenda siku anapokuwa na shida.”

Hakuna ofisa ugani ambaye angeweza kumjibu. Hata hivyo, hesabu ya alichopoteza ni nzito, nami naomba msomaji avumilie niieleze, maana humo ndimo ulimo ugonjwa wa sekta nzima. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 12 kwenye ncha nyembamba hutoa mbao moja tu ya inchi 2 kwa 4, kwa sababu ulalo wa mbao hiyo peke yake unazidi sentimita 11. Kinachobaki pembeni ni mabanzi. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 24 na urefu uleule hutoa mbao tano, hata baada ya kutoa unene wa msumeno. Kipenyo kimeongezeka mara 2, mbao zimeongezeka mara 5, na bado hatujataja kwamba mti mnene ni mrefu zaidi na hutoa magogo mengi zaidi, wala kwamba mti mchanga una ubao laini unaopinda ukikauka. Fundi wa Dodoma aliyepaua nyumba kwa mbao changa huona kenchi zikicheza mwaka wa pili, kisha humlaumu muuza mbao, naye muuza mbao hutulaumu sisi.

Miaka kumi hivi ya mwisho, ile iliyo kati ya umri wa kukata kijijini na ule wa serikali, ndiyo yenye fedha. Mkulima hulipa gharama zote mwanzoni, yaani miche, vibarua, palizi na kinga moto, halafu humuuzia mwingine shamba mahali ambapo faida inaanza. Serikali iliweza kusubiri Sao Hill kwa sababu serikali haina mtoto aliyepata chuo.

Mashine iliyokuwa ikinguruma nyuma ya baba mdogo ni ile inayoitwa ding dong. Kwa asiyeijua: ni msumeno wa duara uliofungwa kwenye meza na kuzungushwa na injini ya dizeli, na gogo husukumwa kwa mikono na vijana wawili au watatu ambao mara nyingi hawana glavu wala miwani. Huburutwa hadi shambani, hupasua magogo palepale, kisha huhamia kwa jirani. Meno yake ni manene, meza yake huyumba, na zaidi ya nusu ya gogo linaloingia hutoka likiwa vumbi na mabanzi. Mbao ya 2 kwa 4 inaweza kuwa na unene huu upande mmoja na unene mwingine upande wa pili. Wapo wanaotaka mashine hizi zipigwe marufuku, na hoja yao ina nguvu kwa mtu anayetazama mita za ujazo. Lakini ding dong ndiyo iliyofika kijijini wakati ambapo hakuna kiwanda kilichotaka kufika, na kijana anayeisukuma hana shilingi za kununulia msumeno wa utepe. Mjini Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya misitu ambako vijana hufundishwa kupasua kwa misumeno myembamba, kunoa na kupanga gogo kabla ya kulikata. Nimewaona waliopita hapo. Mbao zao hutambulika kwa macho. Ningependelea fedha ya kukimbizana na ding dong iingizwe kwenye mkopo wa vijana wa aina hiyo.

Katika miaka ya karibuni wamekuja pia wenye viwanda vya kumenya magogo kwa ajili ya mbao za tabaka, yaani plaiwudi, wengi wao wakiwa wawekezaji kutoka China. Wao hutaka magogo mafupi, na mitambo yao inaweza kumenya gogo jembamba hadi likabaki kijiti. Hili lilikuwa na baraka na balaa kwa wakati mmoja: mti mwembamba ambao zamani ungeishia kuwa kuni ulipata bei, na papo hapo mkulima aliyekuwa akisitasita alipata sababu ya kuukata mapema. Siwezi kuwaita wabaya. Mnunuzi hununua anachouziwa. Lililo baya ni namna mauzo yenyewe yanavyofanyika. Mnunuzi huingia shambani, hutembea kati ya mistari akitazama juu, hurudi barabarani na kutaja bei ya shamba lote. Hakuna aliyepima mti hata mmoja, isipokuwa yeye mnunuzi, ambaye amekwisha kupima kwa macho maelfu ya miti na kwa hiyo makadirio yake yako karibu sana na ukweli, ilhali mkulima anauza kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hapo ndipo ninapoipongeza serikali kwa jambo ambalo halikupigiwa ngoma. Mwaka 2014, kwa ushirikiano na Finland, ilianza programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyounda na kuimarisha vyama vya wakulima wa miti vijijini, ikasaidia vijiji kupanga matumizi bora ya ardhi kabla ya kupanda, ikatoa mbegu bora na mafunzo. Vyama hivyo baadaye vilijiunga kuwa umoja wa kitaifa. Watu hutaja miche iliyotolewa, nami nadhani thamani kubwa ilikuwa kwenye utepe wa kupimia. Katika mafunzo ya chama cha kijiji kimoja jirani na kwetu, nilimwona mama wa makamo akizungusha utepe kwenye shina kwa urefu wa kifua chake, akisoma mzingo wa sentimita 66, akigawa kwa 3.14 kwenye simu yake, na kuandika 21 kwenye daftari la mwanawe la shule. Walipima miti ya mstari mmoja kati ya kila mistari kumi, wakatafuta wastani, wakapata kadirio la shamba. Mnunuzi aliyekuja baada ya hapo alikutana na watu wenye daftari. Bei haikuwa ya ajabu, lakini haikuwa ile aliyokuja nayo.

Mbegu nazo zina kisa chake. Kwa miaka mingi wakulima wa hapa walipanda maotea, yaani miche iliyoota yenyewe chini ya miti mikubwa, au mbegu zilizookotwa kwenye mti wowote uliokuwa rahisi kufikiwa. Mti rahisi kufikiwa mara nyingi ni mfupi wenye matawi mengi, na mtoto wake humfuata. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, iliyoanzishwa 1980, na kitengo cha mbegu za miti ambacho sasa kiko ndani ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wamefanya kazi ya kuchagua miti mama na kutunza bustani za mbegu bora, na tofauti shambani inaonekana ndani ya miaka mitatu. Kasoro iliyobaki ni umbali na bei. Mkulima wa Makete au Kilolo aliye mbali na barabara kuu bado hununua miche kwenye bustani ya jirani bila kujua mbegu ilitoka wapi, na muuzaji mwenyewe pengine hajui. Cheti cha asili ya mbegu kwenye kila bustani ya miche ni jambo dogo ambalo lingezuia hasara ya miaka 15.

Upande ambao serikali imetuumiza ni ule wa kubadilisha maneno katikati ya safari. Mfano ulio karibu ni nguzo za umeme. Usambazaji wa umeme vijijini ulipopamba moto, viongozi walitangaza kwamba nguzo zisiagizwe tena kutoka nje kwa kuwa nchi inazo za kutosha. Milingoti, yaani mikaratusi, ikapata bei, viwanda vya kutia nguzo dawa vikaongezeka Mafinga na Njombe, na wakulima ambao walikuwa na shaka wakapanda milingoti hata mahali palipofaa viazi. Kisha ikaja hamu ya nguzo za zege. Nazielewa sababu zake: zege haliozi, haliliwi na mchwa wala haliungui moto wa nyika, na kwenye maeneo yenye maji mengi lina faida ya wazi. Lakini mlingoti wa nguzo unahitaji miaka kumi na zaidi, na uamuzi wa manunuzi unahitaji kikao. Mkulima akiona hivyo mara moja, mara ya pili hata umwambie soko lipo, atakata mapema kwa kuogopa kwamba kabla mti haujakomaa kutakuwa na kikao kingine.

Milingoti ina mashtaka mengine pia, na ni haki yaelezwe. Katika mabonde yetu watu hulima vinyungu, yaani bustani za kiangazi zinazotegemea unyevu wa bondeni, na hizo ndizo hutulisha maharage, mboga na mahindi mabichi wakati mlimani pamekauka. Milingoti iliyopandwa kandokando ya mabonde hayo hunywa maji mengi, na wazee wanaweza kukuonyesha visima vilivyokauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na kwa miaka kadhaa sasa viongozi wa Njombe na Iringa wamekuwa wakiagiza milingoti iondolewe kwenye vyanzo. Naunga mkono kabisa. Ninachosikitikia ni kwamba baadhi ya milingoti hiyo ilipandwa kwenye kampeni za upandaji, na ilihesabiwa kwenye taarifa ya mwaka wake. Iking'olewa, haitolewi kwenye hesabu.

Moto ndio adui ambaye hakuna anayebishana naye, na kwa sababu hiyo sitakaa sana hapo. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, mtu mmoja anayesafisha shamba la mahindi, kurina asali au kuwinda ndezi anaweza kumaliza jasho la kijiji kizima kwa alasiri moja. Vijiji vyenye sheria ndogo zinazotekelezwa, ambako anayetaka kuchoma huomba kibali na majirani huitwa kusimama pembeni na matawi mabichi na maji, huungua mara chache kuliko vingine. TFS ina magari na minara ya kuangalia moto kwenye mashamba yake. Mkulima ana miguu yake na king'ora cha kugonga chuma. Bima ya moto kwa mashamba madogo ya miti ni kitu ambacho bado husikika zaidi kwenye semina kuliko vijijini, na bila bima hiyo ni vigumu kumlaumu mtu anayekata akiwa na miaka 9 kwa kuogopa kwamba mwaka wa 10 utakuja na moto.

Wakati huohuo parachichi limeingia. Ukisafiri kutoka Mafinga kupitia Makambako hadi Njombe utaona mashamba ambayo visiki vya paini bado vimo ardhini na katikati ya visiki kuna miche ya parachichi yenye vijiti vya kuegemea. Parachichi la kisasa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne, na hulipa kila mwaka. Mkulima anayefanya hivyo anafuata hesabu iliyo sahihi kwake, na wizara inayotaka kupanua misitu inapaswa kuitazama hesabu hiyo bila hasira. Ekari zinazoondoka kwenye miti kwenda kwenye matunda haziandikwi popote kama upungufu wa sekta ya misitu, kwa kuwa taarifa zetu zina safu ya miti iliyopandwa na hazina safu ya miti iliyobaki.

Serikali inaweza kufanya nini ambacho haikifanyi kwa ukamilifu? Kwanza, ihesabu upya. Halmashauri iliyopanda miti 1,500,000 iulizwe baada ya miaka mitatu ni mingapi iliyo hai, na baada ya miaka kumi ni mingapi iliyosimama. Picha za satelaiti zipo, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro kuna kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni chenye wataalamu wa kazi hiyo. Mkurugenzi akijua kwamba atahojiwa kwa miti iliyo hai, atapanda michache, Januari, mahali penye mlinzi.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni fedha ya kusubiria. Benki nyingi hutaka marejesho yaanze mapema, na dhamana inayokubalika ni nyumba au kiwanja chenye hati. Mkulima mwenye ekari tano za paini za miaka 9 ana mali inayokua kila mvua inaponyesha, lakini akienda benki anaonekana hana kitu. Wengi hawana hata hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawaruhusu kuipata. Baba mdogo hakuhitaji bei yote ya shamba lake. Alihitaji nusu ya ada kwa miaka mitatu. Mkopo mdogo unaodhaminiwa na miti iliyopimwa na chama, ukilipwa siku ya kuvuna, ungemfikisha miaka 16 au 17 bila ruzuku yoyote. Mfuko wa Misitu Tanzania ulioundwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 hutoa ruzuku kwa miradi ya misitu. Sioni kwa nini sehemu ya fedha ya namna hiyo isitumike kudhamini mikopo hii ili benki zipunguze woga.

La tatu haligharimu chochote. Serikali inapouza miti ya mashamba yake yenyewe, ada yake hupangwa kwa mita za ujazo na kwa madaraja ya kipenyo, mti mnene ukilipiwa zaidi kwa kila mita ya ujazo kuliko mwembamba, na viwango hivyo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Yaani anayejua kwamba unene una bei ni serikali, na amekwisha kuiandika. Jedwali hilo lingebandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, pamoja na bei za magogo kwenye milango ya viwanda vya Mafinga na Njombe zikisasishwa kila robo mwaka, mkulima angeona kwa macho yake kile anachokiacha anapouza mti wa sentimita 14. Hazihitajiki semina, posho wala mgeni rasmi. Mtendaji wa kijiji anahitaji karatasi na gundi, na ofisa misitu wa wilaya anahitaji kumtumia jedwali hilo kwa simu. Nimemwomba mwenyekiti wa chama chetu aanze kufanya hivyo bila kungoja agizo kutoka juu, naye amekubali, kwa sharti kwamba bei za viwandani nizikusanye mimi.